Aliyeandika Ile Barua

Jumatano, 10 Septemba 2025

Nimechaguliwa kuwa karani wa kamati ya jarida. Yaani, kuchaguliwa si neno. Madam Watiri aliuliza nani ataandika kumbukumbu za mikutano, wote wakaangalia dirishani, mimi nikawa bado naangalia mbele. Basi. "Wakiuru, wewe huna kelele, utatufaa."

Hivyo ndivyo mimi hupata vitu. Kwa kunyamaza.

Jarida letu linaitwa Kilele. Hutoka mara moja kwa mwaka, siku ya zawadi, wazazi wakija. Mwaka huu ni tarehe kumi na moja Oktoba. Madam anatufundisha Kiingereza na ndiye mlezi wa jarida. Amesema amechoka na kava yenye picha ya basi la shule. Mwaka huu anataka Mtu wa Mwaka. Mtu mmoja, uso wake kava nzima, kama majarida makubwa ya ng'ambo.

Mhariri ni Wendy. Sauti ya Wendy unaweza kuisikia ukiwa huko stediamu. Rashid ndiye wa kupanga kurasa, kwa sababu babake ana saiba mjini, duka la intaneti, na yeye amelelewa na kompyuta.

Rashid aliuliza, "Na huyo mtu anapata nini?"

"Anapata kava," Madam akasema.

"Kava na chapati, ama kava peke yake?"

Watu walicheka. Mimi nilicheka nikiwa nimechelewa, peke yangu, wengine wakiwa wameshanyamaza. Wueh. Nilitamani dawati linimeze.

Alhamisi, 11 Septemba

Mkutano wa kwanza. Kwenye kitabu cha kamati nimeandika vizuri, kwa mstari. Hapa naandika vile ilikuwa.

Madam alitueleza jinsi wenye majarida huchagua. Wasomaji hupiga kura, ndiyo, lakini kura ni za kuchangamsha watu tu. Wanaoamua ni wahariri. Wanafunga mlango, wanabishana wiki nzima, wanatoka na jina moja. Na hapo ndipo watu wengi hukosea, akasema – hiyo si zawadi ya mtu mzuri. Swali ni moja tu. Nani ameusukuma mwaka huu mpaka ukaenda ulikoenda? Awe ameusukuma kwa wema au kwa ubaya.

"Hata mwizi?" Wendy akauliza.

"Hata mwizi, kama ameiba mwaka mzima."

Wendy hakufikiri hata sekunde. "Basi sisi tunajua wetu. Ni aliyeandika ile barua."

Rashid: "Si useme tu Njoki."

Nikaandika: Mjadala uliendelea. Herufi ya M imetoka kama mlima.

Sijawahi kuandika hii mahali popote. Hata humu. Naiandika mara moja, nisirudie.

Barua niliandika mimi.

Ilikuwa Machi. Tulikuwa na mazoezi ya drama kwa ukumbi. Mwalimu Hezekiah alikuwa ametufikisha mkoa, na kutoka mkoa tungeenda taifa – shule yetu haijawahi! Kila mtu alimpenda. Mimi pia nilimpenda. Ndiye mwalimu wa kwanza kuniambia kimya changu kina kazi yake, akanipa ya kukaa nyuma ya pazia na karatasi za mchezo, mtu akisahau maneno namnong'onezea.

Kingori alisahau mara ya tatu. Nilimnong'onezea, hakunisikia, sauti yangu haikufika. Mwalimu akapanda jukwaani akamzaba kofi. Moja tu. Haikuwa hata na mshindo mkubwa. Kingori alipoinua kichwa damu ilikuwa inatoka kwa sikio la kushoto.

Tulikuwa watu ishirini na wawili mle ndani. Mwalimu akasema, Kingori ameteleza jukwaani, sawa? Tukasema sawa, mwalimu. Kingori mwenyewe alisema sawa.

Siku nne baadaye niliandika nusu ukurasa, kwa Kiswahili, kwa mkono wa kushoto, nikaitia kwa sanduku la maoni pale nje ya ofisi ya walimu. Nilidhani mwalimu mkuu ataisoma peke yake, ampeleke Kingori hospitali, yaishe. Kumbe sanduku hufunguliwa mbele ya bodi yote, na huwa linasomwa kwa sauti! Nani alijua? Mwenyekiti wa bodi aliichukua mwenyewe akaipeleka ofisi ya elimu. Wiki mbili, Mwalimu Hezekiah hayupo. Drama imefungwa. Taifa hatukuenda. Safari zote za mwaka zimefutwa.

Wiki hiyo hiyo Mwalimu alikuwa amemnyang'anya Njoki sehemu kubwa ya mchezo akampa Wendy. Kwa hivyo shule nzima ikajua nani ameandika. Hasira tu, walisema. Njoki aliitwa mbele ya bodi. Akasema si mimi. Akaandikishwa maneno hayo, akatia sahihi. Nani alimwamini? Akipita kwa korido walikuwa wanafanya sss, kama nyoka. Darasani sss. Akisimama kujibu swali, sss. Aprili, Mei, Juni, Julai. Agosti mamake alimpeleka kwa shangazi yake huko Kangari, anasoma huko sasa.

Mimi na Njoki tulikuwa dawati moja tangu Fomu Wani.

Mimi sikuwahi kufanya sss. Nilikuwa naangalia kitabu.

Jumatatu, 15 Septemba

Dipti, naibu wa mwalimu mkuu, amekuja kwa mkutano bila kualikwa. Amekaa, amevuta suruali kwa magoti, amesema mwalimu mkuu ana pendekezo. Mzee Gathogo, mwenyekiti wa bodi, kwa sababu ya tangi la maji alilotoa. Na hadwea yake, lile duka la vifaa vya ujenzi, akaongeza, huwa inachukua ukurasa wa nyuma wa jarida kwa tangazo.

Madam akasema polepole, "Kwa hivyo mzee atakuwa mbele na nyuma."

Dipti hakucheka.

"Tangi lenyewe linavuja," Rashid akakiambia kiatu chake.

Nimeanza kuelewa vile mtu huchaguliwa. Madam anasema nani ameusukuma mwaka. Dipti anauliza nani atakuja siku ya zawadi na atakaa kiti gani. Wendy anataka picha itakayofanya watu wapige mayowe. Rashid anataka picha ambayo si ya simu mbovu. Na kila mmoja anasema neno moja, ushawishi, ushawishi, kama ni kitu kimoja.

Wameafikiana. Kwanza wanafunzi wapige kura kwa karatasi, ndani ya katoni ya mafuta ya kupikia, kule maktaba. Halafu kamati ifunge mlango. Wa kuhesabu kura ni mimi. "Yeye hawezi kutoboa siri," Wendy alisema, akanipiga bega.

Kesho nitamwambia Madam.

Jumanne, 16 Septemba

Sikusema.

Jumatano, 17 Septemba

Sikusema. Na alikuwa peke yake! Alikuwa anakula ndizi, ameweka viatu kando, hata alinitabasamia. "Ndiyo, Wakiuru?" Nikauliza insha inatakiwa lini. Nilikuwa najua ni Ijumaa. Mimi ndiye nilikuwa nimeandika Ijumaa ubaoni.

Ijumaa, 19 Septemba

Nimehesabu. Kura mia tatu na kumi na moja.

Mzee Gathogo thelathini na nane, karibu zote za Fomu Tu, na zote zimeandikwa "Mzee Gathogo kwa mchango wake wa maji". Mtu alikuwa anawasomea waandike. Bi Chiku wa jikoni arobaini na moja, kwa sababu ya ukoko. Wachezaji, wapenzi wa watu, mbwa wa soja wa langoni, jumla sitini na nane.

Aliyeandika barua, mia moja sitini na nne.

Nilikaa na rundo hilo. Kubwa kuliko mengine yote. Hakuna mtu katika shule hii anayejua sauti yangu ikoje nikiimba. Kuna walimu wawili huniita Wairimu. Na hapo kulikuwa na watu mia moja sitini na wanne wanasema mwaka wao niliusukuma mimi! Kwa sekunde moja, na nitasema ukweli kwa sababu hapa hakuna mtu – nilifurahi. Moja tu. Halafu nikaanza kuzisoma.

Zaidi ya nusu wameandika "Njoki". "Njoki nyoka." "Njoki aliyetunyima taifa." Mmoja amechora nyoka amevaa taji, na amepaka rangi, amechukua muda wake.

Halafu moja ya Kingori. Naijua hati yake, nilishika karatasi zake za mchezo miezi miwili, herufi ndefu zimelala kushoto. Hakuandika Njoki. Ameandika:

Aliyeandika barua. Lakini hakuniuliza.

Nimeisoma mara nyingi sana. Nikaihesabu, kwa sababu ni kura.

Hakuniuliza. Ni kweli. Babake alikuja shuleni mwezi wa nne, akasimama katikati ya uwanja akasema mtoto wake aliteleza na hataki familia yake iwe hadithi ya soko. Kila mtu alisikia. Kingori alikuwa amesimama hapo na pamba sikioni. Mpaka leo ukimwita anageuza shingo yote, kama anatafuta ndege. Na mimi nilikuwa nafikiri nimemsaidia. Nilikuwa na hiyo peke yake. Usiku nikikosa kulala nilikuwa nasema, angalau Kingori.

Sasa sina hata hiyo.

Jumanne, 23 Septemba

Leo kamati imefunga mlango. Madam, Wendy, Rashid, mimi. Saa nzima na nusu.

Wendy ameshaamua. Njoki kava nzima, ile picha ya tamasha la kaunti, gauni jekundu, mkono juu. "Si ulisema kwa wema ama kwa ubaya, Madam? Si hiyo ndiyo sheria?"

"Ndiyo sheria. Lakini sheria itakuwa kurasa za ndani kwa herufi ndogo. Wazazi wataona uso na maneno Mtu wa Mwaka. Watasoma nini?"

"Watafikiri ameongoza mtihani," Rashid akasema.

"Na wanafunzi?"

Rashid alifanya tu sss, kidogo, na meno. Sijui kama alikuwa anatania ama anajibu. Halafu akaona haya, akaangalia kibodi.

Madam alisema tunaweza kuweka bahasha kava, bila jina, bila uso. "Aliyeandika Barua" tu. Ndiyo, bahasha! Nilitaka kusema ndiyo. Nilifungua mdomo kabisa. Wendy akasema bahasha ni ya posta, watu watadhani ni tangazo la kutuma vifurushi, na tena kila mtu anajua ni nani, kwa nini tujifanye? Mdomo nikaufunga.

Mwishowe Madam akasema jina la mtu haliendi kava bila mtu mwenyewe kukubali. Alhamisi atapigiwa simu. Akikataa, ni Mzee Gathogo na tangi lake.

Atakataa. Lazima atakataa. Amekataa tangu Machi.

Alhamisi, 25 Septemba

Naandika yote vile yalivyokuwa.

Madam aliweka simu mezani, spika juu. Ililia sana. Halafu sauti ya Njoki, hello, na nyuma yake kuku. Sijasikia sauti yake tangu Julai. Imekuwa nzito kidogo.

Madam akamsalimia vizuri, akamuuliza Kangari kunaendaje. Mvua, akasema. Mvua na majani chai. Halafu Wendy akashindwa kungoja.

"Njoki, ni Wendy. Sasa, umechaguliwa Mtu wa Mwaka. Kwa sababu ya barua."

Kuku tu.

"Wendy. Nikisema si mimi, mtaandika si mimi?"

Wendy alimwangalia Madam. "Aah... sisi tunaandika kile watu wanaamini."

"Basi andikeni ni mimi."

"Unakubali?"

"Nimekataa mbele ya bodi. Nimekataa kwa mama. Nimekataa kwa pasta, aki, aliniwekea mikono ndiyo nikubali. Hakuna mtu alinisikia. Sasa nakubali, nione kama hiyo mtaisikia. Ni mimi. Andikeni niliandika kwa sababu Kingori alitoka damu na nyinyi wote mlikuwa hapo. Andikeni hiyo sehemu, Wendy. Usiitoe."

Madam akainama juu ya simu. "Njoki, unaelewa hii inaenda mpaka wapi? Mama yako ameandika kwa shule akuombee nafasi urudi Januari."

"Najua, Madam. Shangazi amejifungua, hakuna nafasi yangu hapa." Halafu akauliza, "Nani anakaa dawati yangu?"

Wendy akasema, "Wakiuru yuko hapa, anaandika."

"Wakiuru." Kuku wakalia sana hapo. "Sema hi."

Nikasema hi. Sidhani ilifika kwa simu.

Laini ilipokatika Wendy alikuwa ameshaanza kuandika kichwa cha habari. Madam alisema, "Huyu mtoto amechoka," bila kumwambia mtu yeyote.

Kumbukumbu zangu zinasema: Njoki alikubali.

Ijumaa, 26 Septemba

Dipti amesikia. Amesimama kwa mlango wa darasa la kompyuta, mikono mfukoni. Kwa hivyo Njoki alidanganya bodi, amesema, kwa maandishi na sahihi. Basi ile barua ya mamake ya kuomba arudi, hata msiijibu. Jarida likishatoka, ndilo jibu.

Madam alijaribu. Dipti akamwambia, "Madam, ni nyinyi mlimuuliza."

Kwa hivyo ikichapishwa, harudi. Na haiwezi kutochapishwa, kwa sababu amekubali. Na amekubali kwa sababu hakuna mtu aliyesimama. Na wa kusimama ni mmoja tu duniani, na amekaa karibu na dirisha, anaandika vizuri kwa mstari.

Sikula leo.

Jumapili, 28 Septemba

Baada ya kanisa mama alikuwa nje anaanika sare. Nilichukua simu yake, nikaingia chumbani, nikapiga namba ya shangazi yake Njoki. Niliinakili kutoka kwa simu ya Madam, hiyo pia ni dhambi, iandikwe.

"Hello?" Njoki mwenyewe!

Nilikuwa nimeandika maneno kwa karatasi, matatu tu. Yalikuwa mbele yangu. Sikuweza.

"Hello? Nani?"

Nikakata.

Haikupita dakika simu ikalia. Mama aliingia na maji kwa mikono, akaichukua kabla sijaificha.

"Hello? Ĩĩ... Ati nani alipiga? Ati Njoki? Njoki wa wapi, mamii? ... Wa Kangari!" Akanigeukia. Mama huniita maitu, yaani mama, kwa sababu nina jina la mama yake. "Maitu, ni wewe ulipigia Njoki? Yule mulikuwa munakaa na yeye?"

Nikatikisa kichwa. Hapana.

Mama aliniangalia. Mama si mjinga. Lakini akarudi kwa simu akasema, na sauti ya upole kabisa, "Hapana mamii, hapa hakuna mtu amekupigia. Labda ni mutoto alikuwa anacheza na simu. Sarimia mama, ehe? Soma kwa bidii."

Halafu akanirudishia simu mkononi, kama mtu anayerudisha sahani chafu. Alitoka nje akaendelea kuanika.

Jumatatu, 29 Septemba

Niliamka nikasema leo naanza na Kingori. Yeye ndiye sikumuuliza. Nikiweza yeye nitaweza wengine.

Saa nne wakati wa chai alikuwa ameegemea ukuta wa maabara, peke yake, anakula mandazi. Nilienda nikasimama karibu na yeye, tukiangalia uwanja wote wawili, kwa sababu uso kwa uso sitaweza. Na nikasema. Kweli nilisema! Nilisema, Kingori, ile barua ni mimi niliandika. Nilikosa kukuuliza. Nilikuona ukitoka damu na nikakaa siku nne, halafu nikaandika bila kukuuliza, na Njoki anabeba makosa yangu, na sijui nifanye nini. Yote. Kwa sauti yangu ile ya chini. Sijawahi kusema maneno mengi hivyo kwa mtu mmoja.

Alitafuna mandazi. Akameza. Nilikuwa nangoja.

Halafu akaniona, akashtuka kidogo. Akageuza shingo yote upande wangu.

"Wakiuru! Kumbe uko hapo? Ulikuwa unasema kitu?"

Nilikuwa nimesimama upande wa kushoto.

Watu wote hujua. Hata Fomu Tu hujua, Kingori unamwendea kulia. Mimi ndiye nilisababisha shule nzima ijue, na nikasimama kushoto.

"Hapana," nikasema. "Nilikuwa nauliza kama uko na rula."

Akanipa rula. Niko nayo hapa. Ni ya sentimita thelathini, imevunjika kwa ishirini na tano.

Jumatano, 1 Oktoba

Kava imekamilika. Rashid alinionyesha kwenye kompyuta. Njoki mrefu, gauni jekundu, mkono juu, nyuma yake Rashid ameweka Mlima Kenya na mawingu yote ameyatoa. Ni nzuri. Hicho ndicho kinaniua, ni nzuri sana. MTU WA MWAKA. Chini yake, NJOKI. Chini kabisa, ALIYEANDIKA BARUA.

Wendy ametoa ile sehemu ya damu. "Imekuwa ndefu," amesema, "na tena Mwalimu Hezekiah ana marafiki." Madam amemwambia airudishe. Amerudisha nusu.

Kesho inaenda kuchapishwa mjini. Madam anataka twende tukague prufu, ile nakala ya mwisho kabla ya kuchapa, yeye na Wendy na mimi. Mimi kwa sababu sina makosa ya tahajia.

Alhamisi, 2 Oktoba

Naandikia hii hapa hapa kwa mchapishaji, ghorofa ya pili, nimekaa kwa stuli. Tulipoingia mashine ilikuwa inafanya kelele mpaka sakafu inatetemeka. Mbele yetu kuna mzee na binti yake wanangoja programu za mazishi, picha ya mama fulani, mia mbili, anatabasamu mia mbili.

Mchapishaji ni mtu mnene wa haraka. Ametandaza kava yetu juu ya meza ya kioo. Amesema, "Angalieni vizuri, watu wangu. Mukishaweka sahihi hapa, mimi nawasha. Nikiwasha, hata ikiwa mumeandika jina ya gavana vibaya, mimi sijui nyinyi."

Wendy ameweka sahihi, ya mkia mrefu, kama ya benki. Madam ameangalia picha, ameangalia dirisha, ameweka. Halafu amenipa peni nyekundu. "Karani wetu. Kuna marekebisho?"

Sijui nilifanyaje. Nilisikia mtu anasema "Iko," na alikuwa ni mimi.

"Wapi?" Wendy akasema. "Tumeisoma mara kumi!"

"Iko moja."

Mchapishaji amezima mashine. Sikujua mahali panaweza kunyamaza hivyo. Mzee wa mazishi amegeuka, binti yake amegeuka. Nikafungua kitabu hiki, nikaanza kuandika, na wanadhani naandika marekebisho. Ndiyo maana hawanisumbui. Nina hii dakika kwa sababu wanadhani niko kazini.

Nikiisema, Njoki labda anarudi Januari. Labda. Na mimi nitakaa wapi? Wataanza sss kabla sijafika langoni. Mama ataulizwa sokoni. Kingori atajua ni nani hakumuuliza. Na Njoki akirudi atakaa dawati lile, na atajua nilikuwa nasikia kila siku, miezi minne, nikifungua ukurasa unaofuata. Hakuna mahali hii inaisha vizuri. Nimetafuta.

Nimeinuka. Nimekata jina. Mstari mmoja juu ya NJOKI, kwa rula ya Madam, mwekundu, umenyooka. Nimerudi kwa stuli. Juu ya mstari bado hakuna kitu.

Wendy: "Umefanya nini? Wakiuru! Umefanya nini?"

Mchapishaji anaangalia saa yake ya ukutani. Anasema watu wa mazishi wamengoja.

Madam hajapiga kelele. Amekuja mpaka kwa stuli yangu, amechuchumaa, na gauni lake zuri, sakafuni kwenye wino. Uso wake uko karibu na wangu sana. Ananiuliza, polepole, kama ananinong'onezea maneno niliyosahau.

"Sasa tuandike nani?"